Migomba Mitatu Nyuma ya Jiko

Dodoma, 4 Mei 2024

Mdogo wangu Agripina,

Hujambo? Mimi na wifi yako tu wazima. Kikohozi chako kinaendeleaje?

Nina habari njema. Nyumba ya babu hapo Lundo tunaiwekea umeme wa jua, ianze kupokea wageni. Watu wa mambo ya kale wamekataza kugusa paa, kwa hiyo paneli zitasimama chini, nyuma ya jiko. Ile migomba mitatu ikatwe, inaleta kivuli. Nimempa dereva wa basi barua kwa sababu simu yako haipatikani, najua ni chaji. Taabu hiyo sasa basi!

Kaka yako, Hyasinti

Lundo, 11 Mei 2024

Shikamoo kaka,

Kikohozi kimepungua. Msalimie wifi.

Umeme nautaka, nani asiyeutaka? Lakini migomba hiyo hapana, jamani. Umesahau? Kwenye ukoo wetu mtoto ambaye hajaota meno anazikwa karibu na jiko, asikae mbali na mama yake, na juu yake unapandwa mgomba. Miwili ni ya wadogo zetu, mama aliipanda ukiona. Wa tatu ni wa Albina wangu. Msibani hukuja, ulisema una semina, nami sikunung'unika.

Paneli ziweke uwanjani mbele, jua limejaa tele. Nakupigia magoti, kaka.

Mdogo wako, Agripina

Dodoma, 2 Juni 2024

Mdogo wangu,

Pole sana, barua nimeisoma. Ila mbele ndiko wageni watakakopiga picha, paneli zitaharibu sura ya nyumba. Migomba utapanda mingine pembeni. Mafundi wako njiani, usinitie aibu. Nenda Mbinga kwa binamu yetu Restituta ukapumzike.

Kaka yako, Hyasinti

Ujumbe wa simu, 20 Juni 2024

Hyasinti,

Salamu sina.

Sikwenda kupumzika. Nilikuwepo mafundi walipochimba shimo la nguzo ya kati wakakuta kitenge nilichomzikia Albina. Waliweka majembe chini. Mkubwa wao alivua kofia, akakupigia, akaweka spika. Nikakusikia kwa masikio yangu: "Endeleeni."

Umeme wako unawaka vizuri, hongera. Mimi nimehamia kwa Restituta, na hata simu hii nimeichaji kwake.

Siku nikifa usihangaike kuja. Sema una semina.

Mama Albina