Mipangilio ya Upande wa Kushoto

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Van limefika nyumbani na bado linaongea Kijapani! Ukiliwasha tu, sauti ya dada mmoja mpole inakusalimia, inasema jambo refu, kisha inanyamaza kama inayongoja jibu. Mume wangu Mativo humjibu. "Asante, na wewe pia." Miaka yote hii ya ndoa sijasalimiwa vizuri hivyo asubuhi.

Tunaliendesha wote wawili. Yeye asubuhi, anatoa vinyago kwa wachongaji wa hapa mtaani na kuvipeleka soko la Kariokor. Mimi mchana, nachukua viatu huko huko Kariokor na kuvisambaza Eastleigh. Lile van letu la zamani halikuwa na kitu ila usukani na breki, na breki zenyewe siku nyingine hazikuwa na habari na sisi. Hili lina skrini, kamera, sensa mbele na nyuma. Mativo anasema gari ni gari. Mimi nataka kujua kila kitufe.

Na tarehe thelathini ndilo litakalotupeleka Makueni, kupeleka mbuzi wa ntheo, wa kuhalalisha ndoa kwetu Wakamba, kwa kina mchumba wa mwanetu Muoki. Mama mkwe, mashemeji, shangazi, wote ndani. Dereva ni Mativo, hilo halina mjadala. Hajawahi kumwachia mtu mwingine watu wake.

Jumanne, 12 Agosti

Nimempelekea Kadar, fundi wa simu na redio za magari pale Eastleigh. Menyu sasa ni ya Kiingereza. Dada wa Kijapani amekataa kutoka. Kadar anasema huyo ameshikana na redio, nimzoee tu. Basi nimemzoea. Nimepakua kitabu cha maelekezo kwenye simu, kirefu ajabu. Nimeanzia katikati, mwanzo ni maonyo tu.

Alhamisi, 14 Agosti

Leo sensa za kuegesha. Zinalia kwa kila kitu! Mkokoteni — pii. Mbuzi — pii. Mama wa githeri na sufuria yake — pii pii. Nikiingia kwenye uchochoro wetu hapa Shauri Moyo ni piiiii moja isiyokatika mpaka nizime injini. Waliotengeneza gari hili wanaishi mahali vitu vimeachana nafasi. Kumbe sauti ina ngazi tano, ilikuwa ya tatu. Nimeweka moja. Raha!

Ijumaa, 15 Agosti

Nimeweka rivasi, karibu niruke dirishani. Ngazi ya tano! Nimeiteremsha.

Jumamosi, 16 Agosti

Tano tena. Nimemuuliza Mativo. Anasema anapenda ikilia, inamchangamsha. Mtu anayenuna nikifungua redio wakati wa chai!

Nikaingia ndani kabisa ya menyu kuona kama kuna kingine. Kipo. Sensa za kulia ziko "karibu", kama zilivyokuja. Za kushoto ameziweka "mbali", zilie kitu kikiwa bado hakijakaribia. Mbali ya mwisho! Na kioo cha pembeni cha kushoto amekisukuma nje hata mimi nikikaa naona ukuta wa jirani tu. Kwa hivyo bwana wa gari-ni-gari naye hubonyeza, tena kwa siri! Nimecheka peke yangu. Kusema kweli nimefurahi. Nilidhani mdadisi katika nyumba hii ni mimi tu.

Lakini kwa nini kushoto peke yake?

Jumatatu, 18 Agosti

Kompyuta ya safari! Hesabu yake haina porojo. Kuna Safari A na Safari B, na kila moja unaweza kuirudisha sifuri. A nimejipa mimi. B nimempa yeye, bila kumwambia. Kariokor si mbali, ukiamua unatembea. Mimi leo, Kariokor hadi Eastleigh na kurudi: kilomita sita, pamoja na kuzungukazunguka nikitafuta pa kuegesha. Yeye asubuhi, Kariokor hiyo hiyo: kumi na nne.

Nimemsimulia Halimo, rafiki yangu wa Eastleigh ninayemletea viatu vya duka lake. Amecheka hadi shela ikamteleza. "Nthoki, dadangu, mwanaume akizunguka hivyo kuna mahali anakunywa chai." Nikacheka naye. Kufika nyumbani sikuwa nacheka tena. Nimemtazama Mativo akila. Kola ya shati imepigwa pasi. Huwa inapigwa pasi? Sikumbuki!

Jumatano, 20 Agosti

Nimeenda naye. Nimesingizia nina haja ya gundi. Nimekaa kiti cha kushoto, macho pima. Hakuna mwanamke. Ameimba nyimbo za kwaya njia nzima, amenisimulia habari za mchongaji fulani aliyemkata twiga mguu kwa bahati mbaya akamfanya amelala. Nimejiona mjinga, na nimefarijika sana.

Ila tulipofika pale pa kukata kushoto kuingia sokoni, hakukata. Akaenda mbele. Akakata kulia, akasonga, kulia tena, akasonga, kulia tena, mpaka tukatokea barabara ile ile tuliyoikosa.

"Baba Muoki, si ungekata tu pale?"

"Pale kushoto kuna watu wengi."

Kushoto kuna watu wengi! Hii ni Nairobi. Kukata kulia ndiko kazi, unangoja magari ya mbele yaishe na hayaishi. Hakuna dereva anayeikimbia kona ya kushoto akatafute za kulia tatu. Yeye huyu ndiye aliyenifundisha kuendesha! Kuna kitu hapa na sikijui. Kinanila.

Ijumaa, 22 Agosti

Ngazi ya tano, nimechoka, kichwa kinauma. Chini kabisa ya menyu kuna kitufe cha kurudisha kila kitu kama lilivyotoka kiwandani. Nimebonyeza. Menyu imebaki ya Kiingereza, lakini hata saa imekwenda Japani — jioni yetu, kwao usiku wa manane. Haya, tuanze upya sote.

Jumamosi, 23 Agosti

Ee Mungu wangu.

Asubuhi Mativo alikuwa anatoka kwa rivasi. Kweyu, anayetuuzia maji, alikuwa ameegesha mkokoteni wake kwenye kona, upande wa kushoto, pale anapoegesha siku zote. Ameinama anafunga kamba. Mimi niko mlangoni na kikombe. Nikaona van linarudi. Linarudi. Nikajua atasimama. Pii ikaja imechelewa, halikusimama.

Kweyu aliruka. Jerikeni zikapasuka, maji yakatapakaa uchochoro mzima, watoto wakapiga kelele za furaha. Amechubuka kiwiko, basi. Basi! Angechelewa kuinuka sijui leo ningekuwa naandika nini.

Nilingoja Mativo amfokee Kweyu, kama madereva wote. Hakumfokea. Alishuka, akashika mlango.

"Nani amegusa hii mashine?"

"Mimi. Nimerudisha setingi za kwanza."

"Bila kuniuliza?"

"Si ungeangalia, Baba Muoki! Mkokoteni mzima! Jerikeni za manjano!"

"Mimi siangalii, mimi naisikiliza!"

Akauachia mlango. Kweyu naye alikuwa anakamua shati, akaacha. Mativo aliomba msamaha mara nyingi kupita kiasi, akaenda kumnunulia jerikeni nyingine kwa miguu.

Nimekaa siku nzima na maneno yale. Naisikiliza.

Jumapili, 24 Agosti

Baada ya kanisa nimemwandalia chai. Kikombe nimekiweka kushoto kwake, mahali ambapo sikiweki. Akatafuta. Kiganja kikapita juu ya kitambaa cha meza polepole, kama mtu anayetafuta kiberiti stima zikipotea. Akageuza shingo yote ndipo akakiona. Akainua macho akanikuta namwangalia.

Nilizunguka meza nikamshika kichwa. Amenieleza huku nimemshika. Jicho la kushoto limekuwa likififia tangu kabla ya Pasaka. Hakuna maumivu. Alidhani ni uchovu, kisha alidhani ni miwani, kisha akaacha kudhani. Daktari hajamwona.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeninyang'anya gari."

Ni kweli, ningemnyang'anya. Amesema alikuwa na leseni kabla hajawa na mimi. Alisema kama mzaha. Nimelia, naye akanipangusa kwa kile kitambaa cha meza. Naogopa. Nimemkasirikia pia, sana, siwezi kujidanganya. Kweyu ana watoto wawili.

Na mimi niliyekuwa nikitafuta mwanamke!

Jumatatu, 25 Agosti

Nimeingia kwenye menyu nikarudisha kila kitu alivyokiweka. Sauti tano. Kushoto, mbali. Nikasukuma na kioo. Sijui kama namsaidia aone au namsaidia aue mtu.

Amekubali kutoendesha wiki hii. Wachongaji nimewaambia ana mafua. Vinyago nimevibeba mimi asubuhi, viatu mchana. Mgongo hauna hamu.

Jumatano, 27 Agosti

Kliniki ya macho wanasema twende hata kesho. Hataki. Baada ya ntheo, anasema. "Wacha nimpeleke mtoto wangu, halafu mnipeleke popote mnapotaka."

Nikasema nitaendesha mimi. Akaniuliza ndugu zake watasemaje, baba wa kijana ameketi kama mzigo na mke ameshika usukani, tunaingia hivyo kwa wakwe. Nikasema waseme wanavyotaka. Akasema ile barabara anaijua, ni ya kunyooka, gari lina sensa.

Nimerudi kwenye kitabu cha maelekezo kuona sensa zinaweza nini mtu akiwa barabarani. Haziwezi kitu. Ni za kuegesha tu. Imeandikwa ukurasa wa kwanza kabisa, ndani ya yale maonyo niliyoyaruka: hazichukui nafasi ya macho ya dereva.

Ameniomba jambo moja. Mama yake asijue.

Ijumaa, 29 Agosti

Mama mkwe amekuja kulala kwetu ili tuondoke pamoja. Shemeji Nzivo naye amepita, amepigapiga boneti, amesema kesho tutapaa, rubani wetu yuko sawa. Mativo amecheka sana. Mimi nilikuwa nachambua mchele, sikuinua kichwa.

Nimejaribu tena kumshawishi, jikoni. Amesema, "Nthoki, siku moja tu." Huwa haniiti Nthoki ila jambo likiwa limemfika. Nusura nikubali. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Muoki amepiga pasi suti mara mbili. Amenenepa kwa furaha, mtoto huyu. Atakaa nyuma ya kiti cha dereva, yeye na shangazi zake.

Jumamosi, 30 Agosti

Bado hatujaondoka. Naandika nikiwa kiti cha dereva, shajara juu ya usukani.

Nimeamka kabla yao. Nimesogeza kiti mbele kwa miguu yangu, nikarekebisha vioo vyote viwili, sauti nikaiacha tano. Nimeliwasha, dada wa Kijapani akanisalimia, nikamwambia leo nyamaza. Wakaanza kupanda. Blanketi za kupeleka kwa wakwe, kreti za soda, shangazi na vitambaa vyao; mbuzi wanatungoja huko huko Makueni. Nzivo aliniona akasema, aa, shemeji unatupashia injini! Nikasema ndiyo. Mwoga mimi.

Mativo alitoka wa mwisho, ndani ya koti lake la harusi yetu, bado linamkaa. Alikuja akasimama dirishani kwangu. Akatabasamu, kwa ajili ya watu.

"Sogea, Mama Muoki."

"Sisogei."

"Watu wanatuangalia."

"Waangalie."

Akainama, akasema kwa sauti ya chini kwamba anaona. Leo anaona vizuri, amelala vizuri, asubuhi huwa ni nafuu. Kwamba jicho la kulia linatosha, kuna watu wana jicho moja na wanaendesha malori. Alikuwa ananisihi. Mume wangu hasihi mtu. Moyo ukaniuma, nikashika mkanda ili niufungue, kweli nilishika.

Ndipo nikamwona Mama mkwe. Alikuwa amekuja nyuma yake na fimbo yake na kiondo, anataka tu kuuliza akae wapi. Amesimama kushoto kwa mwanawe, bega lake karibu limguse kiwiko. Ametuliza sura, anasikiliza. Sijui amesikia kuanzia wapi.

Nikauliza, "Baba Muoki, Mama yuko wapi?"

"Mama?" Hakusita hata kidogo. "Mama ameshapanda. Yuko nyuma na kina shangazi."

Mama alinitazama mimi, kisha akamtazama mwanawe usoni, upande ule wa kushoto, muda mrefu. Mativo alidhani nimekubali. Akanigonga begani kidogo, akasema haya, acha nifunge mlango wa nyuma, nikirudi uwe umesogea.

Ameenda. Namsikia akihesabu kreti na Nzivo. Mama hajatoka hapa dirishani. Ameniuliza kwa Kikamba, polepole, tangu lini. Nimemwambia tangu kabla ya Pasaka. Ametikisa kichwa, akaweka kiondo chini.

Mlango wa nyuma umefungwa. Mativo anarudi, nasikia viatu vyake. Mama amekohoa, amejiweka koti sawa, na amehama. Ameenda kusimama upande wa kulia wa mwanawe, pale atakapomwona.