Majani ya Urusi ku Ukuta Wetu

Mama Banze,

Minye, bwana yako, niko na miaka makumi munane na moja. Nimeishi kuliko jina la zamani la muji huu wa Likasi, kuliko bendera sijui ngapi, kuliko mabosi wote walionipigia kelele kiwandani, kuliko meno yangu. Katika kundi letu la tanuru nimebaki peke yangu, na bado napanda mulima wa kanisa bila fimbo. Ile yote nilijua nitaishinda. Kukushinda weye, sikutaka. Tulishapatana kwamba weye utanizika minye. Kisha umeenda mbele bila kuniuliza.

Usicheke maandishi yangu. Mapadri walinifundisha herufi kidogo tu, kisha kazi ikanichukua. Mutoto wetu Banze alitaka aniandikie. Nikamuambia: mama yako nilimuoa kwa mukono yangu, nitamuandikia kwa mukono yangu.

Habari ninayokuletea ni ya tablo, ile picha ya kuchorwa.

Unaijua. Ile majani ya Urusi, ambayo kaka yako, Mungu amulaze pema, alirudi nayo wakati alimaliza masomo kule, akakupa weye siku ya ndoa yetu. Alisema ni picha ya wakati wao wa jua, ule mufupi, sababu miezi mingine yote kule ni baridi nyeupe. Maisha yetu yote ilikaa ku ukuta wa saloni, ikiangalia kiti yako. Majani marefu, maua ya njano na ya bluu, njia ndogo, maji kidogo, miti ya ngozi nyeupe mbali kabisa, na mawingu. Basi. Hakuna nyumba, hakuna hata mbuzi.

Hakuna mugeni ambaye sikumueleza tablo ile. Nilikuwa nagonga kioo na kidole: "Murusi aliyechora hapa hakujua anasimama juu ya nini!" Sababu kila muntu wa Kamatanda, mutaa wetu wa migodi, anajua: pahali miti inakataa kuota, panabaki majani na maua madogo ya bluu, chini yake iko shaba. Na weye, ukipita na sahani ya bukari: "Baba Banze, weye unaona shaba hata ndani ya mboga ya sombe." Watu wanacheka. Minye pia nacheka. Lakini sikubadilisha neno, na leo bado nasema: pale iko shaba.

Sasa sikia. Siku ya kumaliza kilio, jamaa yako walikuja kuchukua vitu vyako, kama ilivyo desturi. Sikugombana. Wakachukua vitenge, sufuria, mashini ya kushona. Kisha Séraphine, mudogo yako, akasimama mbele ya tablo, akaanza kuvua viatu apande ku kiti.

Nikasema hapana. Unaijua hapana yangu.

"Shemeji, ni kitu ya kaka yetu. Tena weye ulisema siku zote ni shaba tu."

"Na iko shaba."

"Basi chimba kwenu."

Mujomba yako akaanza kukohoa, akaangalia juu. Séraphine hana haya mbele yangu, hajawahi kuwa nayo. Akasema: "Niambie kitu kimoja tu. Yaya, dada yangu mukubwa, alikuwa anaangalia nini pale kila asubuhi? Ukijua, ibaki. Usipojua, inaenda kwangu Kakontwe." Akanipa muda mupaka siku ya Mungu, siku ya misa.

Mama, nilizani ni kazi ndogo. Nikakaa ku kiti yako. Ni ya chini sana, sikujua. Ukisimama, kama minye nilivyosimama mbele ya wageni, unaona maua tu. Ukikaa pale, majani inakupita kichwa. Unaingia. Asubuhi jua la dirisha likifika, majani ya mbele inabaki na giza, ya nyuma inawaka, lakini siyo moto ule wa kipwa, wakati wa ukavu, unaokula vilima vyetu. Ni mwangaza tu. Kivuli cha wingu iko inapita katikati, polepole, na bado haijapita. Majani yote imelala upande mumoja, unajua upepo unatoka wapi. Na ile kijani siyo moja! Minye niliyejua joto la tanuru kwa rangi ya moto, bila kuuliza mashini, sikuwa nimeona kama kijani ile iko na njano ndani yake, na karibu na maji inakuwa sawa nyeusi. Murusi yule alikuwa fundi. Mafundi niliowasifu maishani ni wachache, weye unajua, na wa kwanza ni minye.

Kisha nikaona ile njia. Majani imekanyagwa, haijasimama tena. Muntu amepita sasa hivi. Nikapiga paja: ni minye!

Siku ya Mungu jamaa wakarudi. Nikasimama, nikaeleza: Mama Banze alikuwa anaangalia njia, sababu muntu aliyepita pale ni bwana yake, anatoka kazini, na yeye anamungoja. Nilisema vizuri sana. Mujomba alisema amina.

Séraphine akacheka mupaka akashika ukuta. Kisha akalia. Akasema: "Shemeji, yaya aliniambia mwenyewe. Alipenda pale sababu hakuna muntu. Watoto wanane, wageni kila siku, bwana anayesema toka kahawa mupaka sala ya kulala. Pale hakuna wa kumuita. Alikuwa anaingia kidogo, anapumzika, anarudi kupika."

Minye, nikavua viatu. Minye!

Nikapanda kiti mwenyewe, nikaishusha toka ku ukuta.

Tuliifunga na blanketi ku baiskeli ya Mutombo, jirani yetu, yeye anasukuma, minye nashika. Njiani vijana wanauliza: "Papa, mulango huo munauza?" Nikawajibu: "Siyo mulango, ni Urusi." Ukuta wetu umebaki na alama nyeupe. Banze analeta kalenda aifunike. Nimekataa.

Sasa kila siku ya Mungu, nikitoka misa, naenda Kakontwe, Mutombo ananisindikiza. Nakaa mbele ya tablo ku kiti kidogo. Sisemi. Mara ya kwanza Séraphine alinishika uso: "Shemeji, uko na homa?" Nikatikisa kichwa. Chai ikapoa. Kweli, Mama, kule ndani kumetulia. Siingii sana. Nabaki hapa mbele, pembeni, ku majani yenye giza, nikuachie katikati yote.

Pumzika. Ahadi yangu ni hii: siku nitafika kwako, sitakuita. Nitakaa karibu tu, mupaka weye mwenyewe uniulize habari. Najua unasema, huyu muzee hataweza. Uliza Séraphine. Uliza Mutombo, aliyekuwa anangoja mulangoni na baiskeli yake. Watakuambia: katika Likasi yote hakuna muntu anayejua kunyamaza kuliko minye.