Kiwanja Chako Hakikuwa Kitupu

Mdogo wangu mpendwa,

Nianze kwa kukuomba radhi. Barua zako mbili zilinifika, ya kwanza kabla ya mvua na ya pili mvua ilipokwisha, nami sikujibu hata moja. Unajua kwamba sina mazoea ya kukaa na barua ya mtu. Wewe mwenyewe nilikuchapa utotoni kwa kuchelewa kumjibu shangazi. Kwa hiyo sitasema kwamba nilikuwa na shughuli nyingi, wala kwamba macho yalinisumbua. Macho yangu ni mazima. Nilishika kalamu mara kadhaa, na kila nilipofika kwenye “sisi huku hatujambo” niliikunja karatasi nikaitupa.

Magoti yako yanaendeleaje? Uliandika kwamba kampuni imekuondoa kwenye kazi ya kuparamia mashimo ya lifti, na kwamba sasa unakaa chini ukiwaelekeza wenzako. Nilifurahi, kwa maana mtu wa umri wako hapaswi kuning’inia gizani kama popo. Shemeji yako hajambo, ila mgongo humsumbua akiinama. Binti yangu, mwanao muuguzi, naye hajambo. Amehamishiwa wodi ya watoto, na mara ya mwisho alipofika alikuulizia kwa kirefu. Tangu siku hiyo hajatia mguu hapa. Nitakueleza sababu yake mahali pake.

Habari kubwa ni kwamba mji wetu unapangwa upya. Serikali ilitoa sera ya taifa ya makazi, na sera hiyo imesema wazi kwamba mtu hawezi tena kuipachika nyumba popote kama jipu. Bondeni hakujengwi. Barabara iwe na upana wa kupitisha gari la zimamoto. Na kila mtaa uwe na eneo la wazi la umma, ambalo mtoto anaweza kulifikia kwa miguu bila kuvuka barabara kuu. Halmashauri ya mji ikaandaa mpango wake kwa kuifuata sera hiyo, kisha kila mtaa ukaambiwa uandae wake kwa kuufuata mpango wa mji. Mtaa usio na mpango haupati kibali hata kimoja cha ujenzi mpya. Fundi viatu wetu wa pale kwenye kona alisema ni kama kushona: taifa limekata soli, mji umekata ngozi, na sisi tumeachiwa kuingiza mguu ukikaza usikaze.

Mtaa ulinichagua niwe mjumbe wa wakazi mbele ya afisa mipango. Nilijaribu kukataa, wakaniambia kwamba mwalimu aliyefundisha nusu ya mtaa hawezi kukosa la kusema. Fundi viatu akaongeza kwamba, serikali ikitaka rula, sisi tunayo inayotembea. Walicheka, nami nikakubali. Nakiri kwamba nilijiona.

Afisa mipango ni mwanamke kijana, mwenye viatu vya matope na michoro iliyokunjwa kwapani kama mikeka. Mtaa umembandika jina la Bi Ramani. Ni msikivu, wala hana majivuno ya ofisi. Katika mkutano wa kwanza muuza mkaa alimwuliza kama sera inalika. Alimjibu kwa upole kwamba hailiki, ila siku nyumba yake itakaposhika moto na gari la zimamoto likakwama kwenye uchochoro, ataitafuta hiyo sera kwa tochi. Watu walimpigia makofi hata muuza mkaa mwenyewe akapiga.

Kazi ngumu ilikuwa kulipata hilo eneo la wazi. Masharti yalikuwa matatu: kiwanja kiwe na ukubwa wa kutosha, kiguse njia ya umma, na kiwe hakijaanza kujengwa, kwa sababu sera yenyewe inakataza kumnyang’anya mtu ardhi aliyokwisha kuanza kuijenga kwa kibali halali. Unaujua mtaa wetu. Nyumba zimebanana kama meno. Tuliuzunguka wote na Bi Ramani na wapima wake, na vilivyotimiza masharti vilikuwa viwili tu. Kimoja ni kile kipande changu cha nyuma ya nyumba, ambacho nimemwahidi mwanao muuguzi ajenge. Kingine ni kiwanja chako, ambacho ndicho kikubwa zaidi.

Mdogo wangu, kilichochaguliwa ni chako.

Mchoro ulibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, kiwanja chako kikiwa kimepakwa rangi ya kijani, na yeyote mwenye pingamizi akapewa miezi miwili ya kulileta. Mtaa ulishangilia, nao haukukosea kushangilia. Watoto wetu huchezea mpira barabarani, na mwaka jana mmoja alivunjwa mguu na lori la mchanga. Vigingi vyenye vichwa vyekundu vilipopigwa, watoto hawakungoja serikali. Jioni ile ile waliweka mawe ya magoli. Muda wa pingamizi ukapita. Sikukuandikia.

Najua kwamba hapa umeiweka barua chini na kuuliza: na msingi wangu je? Nivumilie; naja huko.

Wa kwanza kuuliza alikuwa shemeji yako. Alirudi kutoka kuuona mchoro, akaniuliza mbona kiwanja cha shemeji yake kimeandikwa kitupu. Nilimwambia kwamba hayo ni mambo ya kiofisi, yana taratibu zake. Alinitazama kama anavyomtazama muuza nyanya anayeficha mbovu chini ya nzima, kisha akasema kwamba hakujua kama ofisi nayo ina dawa ya kumfanya mtu asahau alikosimama. Akaingia ndani.

Kisha ikaja barua yako ya kwanza, ukisema kwamba unastaafu mapema kwa sababu ya magoti, na kwamba unakuja kujenga. Uliniandikia habari za vitasa vinane ulivyonunua, ulivyovifunga kwa magazeti na kuvitia kwenye sanduku chini ya kitanda, ukaniomba nikuambie kama msingi bado ni imara. Nilikosa usingizi kwa vile vitasa. Barua yako ya pili iliuliza kama mimi ni mgonjwa.

Mwanao muuguzi alipokuja, mama yake alimwonyesha barua hizo mezani, nadhani kwa makusudi. Alizisoma zote mbili, akaniuliza kwa adabu kama baba yake mdogo ameambiwa habari za kiwanja. Nikasema bado. Akauliza sababu. Sikuwahi kumdanganya mtoto huyu, na siku ile nilishindwa kuanza. Nilimwambia ninayokuambia wewe sasa.

Unakumbuka kwamba ulipomwaga msingi wezi walianza kuchomoa nondo na kubeba mawe, nawe ukaniagiza niufukie mpaka utakaporudi. Niliufukia vizuri, kama nifanyavyo kila jambo. Nilishindilia udongo, shemeji yako akapanda maboga juu yake, na baada ya misimu michache hakuna mpita njia ambaye angejua kwamba chini pana kuta. Mwashi wako alikwisha kuhama. Tuliobaki na siri hiyo ni mimi na mke wangu. Tuliiita siri ya kuwakomoa wezi.

Siku ya kuzunguka, Bi Ramani alikuwa na nakala ya kibali chako mkononi. Alinieleza kwamba kibali cha zamani kama hicho huishi ikiwa msingi ulijengwa, na hufa ikiwa mwenyewe hakujenga kitu. Wapima wake walitaka kupekua ardhi kwa sururu. Aliwazuia. Aliwaambia kwamba hakuna haja ya kuharibu maboga ya watu wakati mwalimu yupo, naye ni kaka wa mwenye kiwanja, wamwulize yeye. Kisha akaniuliza waziwazi kama ndugu yangu aliwahi kujenga chochote pale.

Nilikuwa nimesimama juu ya msingi wako. Nyayo zangu zilikuwa juu ya ukuta wa chumba ulichosema kitakuwa sebule. Nikamjibu hivi: “Ni kama unavyoona, binti yangu.” Mmoja wa wapima alitania kwamba maboga hayahitaji kibali, watu wakacheka. Nami nilicheka pamoja nao.

Sikusema uongo, ndivyo nilivyojiambia njiani nikirudi nyumbani. Nilikichagua kila kipande cha jibu lile kwa uangalifu wa mtu anayejua maneno, nikalipa sura ya kweli. Nilijiambia pia kwamba wewe huenda usirudi, kwamba umeshazoea huko, kwamba mwanangu yupo na ana haja leo. Nilikitazama kile kipande cha nyuma ya nyumba yangu, nikakiona kimepona. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako. Usiitafute nguo hiyo ofisini, mdogo wangu, wala usimlaumu Bi Ramani. Nguo ni mimi.

Mwanao alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha alisema kwamba yuko radhi kupanga chumba mpaka nywele zimgeuke mvi, lakini hatalala juu ya ardhi iliyookolewa kwa kuzitoa kafara kuta za baba yake mdogo. Aliiacha chai yake mezani akaenda zake. Mama yake hakumfuata.

Asubuhi yake nilikwenda kwa Bi Ramani. Nilimweleza nikiwa nimesimama, ingawa alinisogezea kiti. Ningependa angenifokea. Alisema tu kwamba katika mitaa yote aliyoipanga, kwetu ndiko pekee ambako hakupekua ardhi, kwa sababu alidhani kwetu ana mtu. Hakusema zaidi ya hapo kuhusu mimi. Aliendelea na kazi: mpango umekwisha kupelekwa wizarani, muda wa pingamizi umepita, lakini mkaguzi wa wizara anaweza kulifungua upya jambo lililojengwa juu ya taarifa isiyo ya kweli, ilimradi aliyeitoa asimame hadharani aseme, na ushahidi uonekane kwa macho.

Basi nilichukua jembe na beleshi nikaenda kuufukua msingi wako. Sikutaka kumlipa mtu anifanyie. Watu walijaa. Fundi viatu aliuliza kama mwalimu amekumbuka alikozika mahari, na muuza mkaa akamwambia anyamaze, huenda nimechanganyikiwa. Watoto walisimama kando na mpira wao, wakingoja nimalize wacheze. Ukuta wa kwanza ulipojitokeza, vicheko viliisha. Mchana shemeji yako alikuja na ndoo, akaanza kuzoa udongo upande wa pili, na mgongo wake ule. Tulifika kwenye kona zote nne. Msingi wako ni imara. Hilo ndilo swali lako pekee ambalo nalijibu kwa furaha.

Mkaguzi alikuja juma lililopita. Ni mzee wa makamo yangu, mkavu kama chaki. Aliukagua msingi, akapima, kisha akafungua kikao katika ukumbi wa shule niliyofundisha. Nilisimama mbele ya watu niliowafundisha kusema kweli, nikasema nilichokificha na kwa nini nilikificha. Mama wa yule mtoto aliyevunjwa mguu alinyosha mkono, akauliza kama maana yake ni kwamba sasa watoto hawana uwanja. Mkaguzi alimjibu kwamba sera haiwezi kuusamehe mtaa. Eneo la wazi lazima lipatikane, la sivyo mpango wote utarudishwa na hakuna atakayejenga. Kisha akanigeukia. Alitaka kujua kama, kiwanja cha ndugu yangu kikiachwa, nitakitoa kipande changu kwa hiari, au nitangoja amri.

Nami, niliyekuja kutubu, nilijikuta nachagua maneno tena. Nilimwomba mkaguzi anipe mpaka Ijumaa, nizungumze na binti yangu. Alikubali. Watu waliona ni jambo la busara kwa mzazi. Mimi nilijua kwamba binti yangu alikwisha kunijibu, na kwamba aliyekuwa anaomba muda ni yule yule aliyecheka siku ile kiwanjani.

Ndiyo maana nakuandikia leo, kabla ya Ijumaa. Barua hii nitaitia posta mwenyewe, na ikishatoka mkononi mwangu sitakuwa na jibu jingine la kumpa mkaguzi ila ndiyo. Hata hivyo uamuzi si wangu. Anaweza kukurudishia kiwanja, na anaweza kusema kwamba muda wa pingamizi ni sheria, akakuachia fidia ya ardhi tupu. Kwa hiyo usinitegemee mimi peke yangu. Anwani ya mkaguzi nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Mwandikie haraka, umweleze kwamba ulijenga, na kwamba kaka yako alijua. Usinihurumie kwa sababu nilikulea, wala usitafute maneno ya kunisitiri. Maneno ya namna hiyo nimeyatumia mimi, na umeona yalikotufikisha.

Shemeji yako anakusalimu sana na anasema uyatunze magoti. Usikate tikiti ya safari kwanza. Uamuzi ukitoka nitakuandikia siku hiyo hiyo, uwe mzuri au mbaya, na safari hii hutangoja. Nawe utakaponijibu, usianze na shikamoo kwa mazoea tu. Iache mpaka siku utakapoona kwamba naistahili.

Ni mimi,
Kaka yako