Kwa Mama, Aliyekata Fainali Dakika Nne Kabla ya Filimbi

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipotutoka, na sisi bado tuna maswali ya kukuuliza.

Tulipokuwa wadogo tuliamini msomaji wa habari anaishi ndani ya televisheni. Ulitucheka, kisha ukatueleza huku ukimenya vitunguu. Yule yuko kituo kikuu, mbali. Picha yake inarushwa angani, inadakwa na dishi lililo juu ya paa la kituo chenu kidogo, nawe unaipitisha kwenye mnara mpaka sebuleni kwetu. "Wao wanapika, sisi tunapakua," ulisema.

Zilikuwepo dakika walizowaachia nyinyi: habari za hapa mjini, matangazo ya maduka, ya vifo na ya mikutano. Kazi yako ilikuwa kuwaondoa wa kituo kikuu hewani na kuwarudisha, skrini isiingie giza hata kidogo. Ndiyo maana wenzako walikuita Mama Sekunde. Nyumbani ulikuwa yuleyule. Aliyesema "nakuja sasa hivi" alijua anahesabiwa.

Na ulikuwa mpole. Watu walipiga simu kulalamika kwamba tamthilia imekatika, nawe ukawapa pole na kuwasimulia kipande walichokikosa. Jirani yetu mshonaji alikuwa anapiga hata pasipokatika kitu, ili asimuliwe tu.

Siku ya fainali ulikuwa zamu. Alasiri, ofisi ya maji ikapiga simu kituoni: bomba la majitaka limepasuka na kuingiliana na la maji ya kunywa. Mkuu wako alikuwa uwanjani, hapokei simu. Kituo kikuu kilikwambia usubiri mechi iishe, au upitishe maandishi chini ya picha. Ukawajibu kwamba anayetazama mpira hasomi.

Mabao yalikuwa mawili kwa mawili, zimebaki dakika nne. Ghafla tukamwona mtangazaji wetu wa hapa mjini, kola imekaa upande. "Msinywe maji ya bomba. Mwageni yaliyo kwenye ndoo." Alirudia mara tatu. Mpira uliporudi, bao la ushindi lilikuwa limeshafungwa.

Baba alijua uko kazini, lakini hakudhani ni mkono wako. Ulipoingia jioni alikuuliza ni mpumbavu gani yule.

Ulivua viatu kwanza. "Ni mimi. Maji mmemwaga?"

Tulikuwa tumemwaga. Mtaa wa bondeni, ambako umeme ulikuwa umekatika, wengi waliugua. Kwingine waliugua wachache. Hata hivyo kituo kikuu kilikusimamisha kazi wiki sita, maana mkataba wao na kituo chenu haukuruhusu kukatiza mechi. Ulikaa ukapaka jiko rangi, hukumlaumu mtu. Madaktari wa hospitali wakaandika barua kukutetea. Ukarudishwa, na mkataba ukaongezwa kifungu: penye hatari, kituo cha mji kikatize bila kuomba ruhusa.

Miaka kumi na mmoja Baba alikuuliza kwa nini hukusubiri zile dakika nne. Ulikuwa unamjibu, "Zilikuwa nyingi," kisha unaendelea na shughuli zako.

Mwezi uliopita tulikwenda kituoni kukuulizia. Fundi wa mnara, aliyekuwa nawe siku ile, alituonyesha kiti chako na kitufe chenyewe, kidogo kama kifungo cha shati. Alisema ulimuuliza jambo moja tu: filimbi ya mwisho ikilia, watu hufanya nini? Akakujibu kwamba huinuka, wengine wanashangilia, wengine wamenuna, na wote wana kiu.

"Basi hatuna dakika nne," ukasema, ukabonyeza.

Baba alikaa kwenye kiti chako kitambo, mikono magotini. Tulipokaribia nyumbani alisimama njiani, akatugeukia.

"Mimi ningesubiri," alisema.

Unakumbukwa na mumeo. Kifungua mimba wako, fundi umeme. Mimi, binti yako wa kati, niliyeandika haya. Kitinda mimba wako na mkewe. Wajukuu zako wanne. Dada yako mkubwa. Wenzako wote wa zamu. Na jirani mshonaji, ambaye siku hizi hana wa kumsimulia.

Maadamu tuko hai, Mama, hutasahaulika.