Nilitumwa Kumkabidhi Mwenyekiti wa Klabu Barua, Nikamtengenezea Mlango

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na tafadhali usiisome barua hii kwa haraka kwa sababu mimi si mtu wa kuomba, mimi ndiye ninayeombwa, muulize yeyote mtaani kwetu atakwambia fundi wa kuchomelea ni mmoja tu, wengine wote wanaunguza chuma, mageti yote unayoyaona kuanzia barabara ya lami hadi zahanati ni mkono wangu, na kuna geti moja nililotengeneza lori likaligonga, lori likavutwa gereji na geti likabaki linafungwa kama kawaida. Shule niliishia darasa la sita, lakini kwenye mambo ya mpira hakuna profesa wa kunikalisha chini. Enzi zangu nilicheza namba tisa, siku moja nilipiga kichwa mpira ukavuka goli, ukavuka ukuta, mama mmoja akaukuta ndani ya beseni lake la nguo, na refa akaandika goli kwa heshima tu. Nayasema haya ili ujue unazungumza na nani, maana hili lililonipata limenifanya nijione mdogo kama msumari wa kiatu.

Klabu yetu nimeishabikia miaka thelathini na moja. Nilikuwa nayo kabla ya mke wangu, na yeye analijua hilo. Sasa miaka sita iliyopita akaja huyu mwenyekiti, tajiri wa malori, akatuahidi mbingu, na tangu hapo sisi ni wa kuliliwa. Uwanja wa mazoezi ameufanya maegesho ya malori yake, wachezaji wanafanyia mazoezi kwenye kiwanja cha shule ya msingi, kengele ikilia wanafukuzwa kama kuku. Jezi ya kijani waliyoivaa baba zetu imekuwa kahawia, kwa nini, kwa sababu malori yake ni kahawia. Kocha alifukuzwa kwa ujumbe wa simu akiwa ndani ya basi na timu wanakwenda kwenye mechi, akateremka kituo kilichofuata na begi lake. Golikipa wetu aliuzwa katikati ya msimu, na yeye mwenyewe alizisikia habari hizo redioni akiwa amekaa kwa kinyozi, upande mmoja umenyolewa na mwingine bado, kinyozi ni shahidi. Mkutano mkuu wa mwaka jana tuliponyoosha mikono kuuliza, mwenyekiti akatazama saa yake, akasema muda umekwisha, na kipaza sauti kikazimwa. Tumefungwa mechi saba mfululizo. Watu uwanjani hawazomei tena, wanakaa kimya, unasikia hadi mpira unavyodunda.

Tawi letu linakutana kwenye benchi nje ya kibanda cha huyo kinyozi, na yeye ndiye mwenyekiti wa tawi. Katibu ni mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, niliyemlea mimi tangu ana miaka minne, sasa anafanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa nakala. Huyu binti akaitafuta katiba ya klabu, akaisoma yote, kitu ambacho wanaume wazima tulikuwa hatujawahi kufanya, akakuta kifungu kinachosema wanachama mia mbili wakitia sahihi, na barua yao ikafika ofisini siku kumi na nne kabla ya mkutano mkuu, basi lazima ipigwe kura ya kutokuwa na imani na mwenyekiti. Wiki tatu alizunguka nyumba kwa nyumba baada ya kazi, viatu vimekwisha, akapata sahihi mia mbili thelathini na sita, mojawapo ya bibi asiyeinuka kitandani, aliyeweka dole gumba na kusema wambieni warudishe kijani. Na sote tukakubaliana kuususia uwanja mpaka kieleweke.

Sasa mshauri, kosa langu ni mdomo. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nawaambia watu kwamba mimi na mwenyekiti ni kama pete na kidole, ananipigia simu kabla ya kupanga kikosi, kuna siku alitaka kumweka beki wa kulia mgonjwa nikamkatalia. Ukweli ni kwamba nilikuwa sijamwona ila kwa mbali mkutanoni na kupitia kioo cha gari lake. Kwa hiyo ilipoulizwa nani apeleke barua, benchi zima likanigeukia. Kinyozi akacheka, "Mjomba Chuma, si rafiki yako huyo? Au mnasalimiana ndotoni?" Nikataka kujibu, mpwa wangu akanitangulia, "Mjomba ataipeleka mkononi mwa mwenyekiti mwenyewe. Mjomba hashindwi." Akanipa bahasha kwa mikono miwili.

Nilikwenda. Siku ya kwanza nilikaa mapokezi kuanzia asubuhi hadi wanafunga. Siku ya pili vilevile, yule dada wa mapokezi akaniambia, "Baba, iache tu hapa nikugongee muhuri," nikamwambia mimi siachi, mimi ni mtu wa mkononi. Siku ya tatu mlango wa ndani ukafunguka nusu, ukakwama, akajipenyeza mtu kiubavu huku anatukana, kumbe ndiye mwenyekiti. Nikasimama. Hotuba yangu yote ilikuwa tayari, niliifanyia mazoezi mbele ya kabati la vyombo. Akanitazama mikono, unajua mikono ya mtu wa chuma ina makovu yake, akasema, "Ah, fundi, umefika. Mbona umechelewa? Huu mlango unagoma tangu juzi, hebu uangalie."

Mshauri, sijui nikueleze vipi. Niliuangalia. Nikaona bawaba ya juu imelegea, tena imefungwa na mtu asiyejua kazi, na mkono wangu ukaenda wenyewe. Nikaomba bisibisi na nyundo. Nusu saa nimepiga magoti mlangoni kwake, bahasha ya watu mia mbili thelathini na sita inanichoma kifuani, na yeye yuko ndani anaongea na simu, anacheka, anamwambia mtu, "Hao mashabiki waache wasuse, watarudi tu, watakwenda wapi?" Nilisikia kwa masikio yangu. Nikaendelea kukaza skrubu. Nilipomaliza akaufungua mlango kwa kidole kimoja, akasema, "Una mkono mzuri, fundi," akanipa soda na skafu ya kahawia. Na mimi, mwanamume mwenye ndevu, nikasema, "Asante, mheshimiwa."

Nikarudi benchini na ile skafu. Kabla sijakaa, kinyozi akauliza, "Umeonana naye?" Nikasema nimeonana naye. "Ana kwa ana?" Ana kwa ana. "Mmeongea?" Tumeongea. Mpaka hapo, mshauri, sikuwa nimedanganya hata neno moja! Ndipo mpwa wangu akauliza, "Amesemaje, mjomba?" Nikamtazama vile viatu vyake, na mdomo ukafunguka. Nikasema amekiri makosa yote, malori yataondoka, kijani inarudi, golikipa anarudi, tumpe nafasi hadi mwisho wa msimu. Watu wakarukaruka. Kinyozi akanikumbatia na wembe mkononi. Mpwa wangu akalia.

Yakaanza mateso. Tawi likaacha kususia, Jumapili tukajaza jukwaa letu, tukafungwa nne bila, na mtu akianza kulalamika wenzake wanamnyamazisha, "Tulia, Mjomba kasema." Malori yameongezeka, nimeyahesabu kumi na tisa, watu wanasema yanapangwa ili yahame, Mjomba kasema. Jana mpwa wangu kaja nyumbani na bahasha mpya. Anasema kwa kuwa mwenyekiti ametusikiliza, ile barua ya mwanzo haina haja tena, tawi limekubaliana kuifuta kwa kuandika ya shukrani na kumuunga mkono kwenye mkutano mkuu, na mimi niipeleke kwa kuwa ni mtu wangu. Ile ya kwanza iko chini ya kisanduku changu cha vifaa. Mwisho wa kupokea barua ni Ijumaa ya wiki ijayo saa tisa alasiri. Mke wangu peke yake ndiye anayejua, na ameniambia neno moja tu, "Umewauza watu kwa skafu."

Nimewaza nije niseme mwenyekiti amenigeuka, tulikubaliana vizuri ila amevunja ahadi, watu wamkasirikie yeye, barua ya kwanza iende na jina langu lipone. Mpwa wangu ndiye mtu pekee duniani anayeamini hadithi zangu zote, hata ile ya beseni. Nikimwambia ukweli nitabaki na nani? Nishauri, lakini usinionee huruma, sijazoea.

Ni mimi, Mjomba Chuma.

JIBU LA MSHAURI

Mjomba, sitakuonea huruma, umejiombea mwenyewe. Barua yako nimeivusha foleni nzima kwa sababu ina tarehe, na wewe umekaa na tarehe hiyo kana kwamba ni ya jirani.

Naanza na kile ninachokuelewa. Umekwenda kwa mtu mkubwa, amekutazama mikono badala ya uso, na umeshindwa kusema "mimi sikuja kwa kazi hiyo." Hilo limewapata wengi, wenye shahada wakiwamo. Wanaingia ofisini na malalamiko, wanatoka na kalenda. Kwa aibu ile ya magotini sikulaumu hata kidogo. Na hasira yako juu ya klabu ni ya haki. Mtu anayefukuza kocha ndani ya basi na kusema mashabiki watakwenda wapi anastahili kusimamishwa mbele ya wanachama wake ajibu.

Lakini nani atamsimamisha? Wewe ndiye uliyemkinga. Mwenyekiti huyo safari hii hakuwapa ahadi yoyote, hakuwahonga, hata hajui kama tawi lenu lipo. Kususia kumekwisha, sahihi zimelala kwenye vumbi la chuma, na sasa watu wale wale wanamwandikia shukrani. Kazi hiyo yote umemfanyia wewe, bure, na umeifanya vizuri kuliko ule mlango. Wakati unaandika kuhusu jina lako, kuna bibi kitandani aliyetoa dole gumba lake. Umemtaja mara moja ukampita.

Huo mpango wako wa kusema amekugeuka uache hapo hapo ulipo. Akisimama mkutanoni akasema hamfahamu mtu kama wewe, na atakuwa anasema kweli, barua ya mpwa wako itachekwa na ukumbi mzima. Wataambiwa tawi lao linaongozwa na waongo, na binti aliyeisoma katiba mpaka mwisho ndiye atakayebeba jina hilo. Unataka kumfuta machozi kwa tope.

Sasa nisikilize. Mwambie mpwa wako kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote, nyumbani, mchana, mkiwa mmekaa. Mke wako asikusaidie kusema. Usianze na enzi zako za namba tisa. Sema: sikumpa barua, nilimtengenezea mlango, yaliyobaki niliyatunga. Mweleze na ile simu uliyoisikia, neno kwa neno, maana hicho ndicho kitu pekee cha kweli ulichotoka nacho ofisini, na ndicho ulichowaficha. Kisha mrudishie bahasha zote mbili. Ya shukrani aichane yeye mwenyewe akitaka.

Siku hiyo hiyo uende benchini. Watakucheka, na kinyozi atapata maneno ya miezi sita. Kaa uyasikilize. Usijiuzulu kwa kishindo, usisusie tawi, usiugue ghafla. Mtu akikuuliza swali mjibu swali hilo tu, usiongeze chumvi hata punje.

Barua waipeleke watu watatu, mpwa wako akiwa mmoja wao, na wewe usiwemo. Waiache hapo hapo mapokezi kwa yule dada aliyekwambia atagonga muhuri. Alikuwa anakusaidia, Mjomba, wewe ukamwona mdogo. Wabaki na nakala yenye muhuri, tarehe na saa. Barua haihitaji kushikwa na mwenyekiti ili iwe barua.

Siwaahidi kwamba mtashinda. Watu wa aina yake wanajua kuhesabu kura kuliko magoli, na kipaza sauti bado ni chake. Huenda mkutano ukaisha malori yako pale pale. Lakini mtashindwa mkiwa mmeuliza, na hilo ni tofauti kubwa na kumshukuru mtu anayewadharau.

Na usijidanganye kwamba una muda mpaka Ijumaa. Jina lako la kweli hukuliandika, lakini wewe mwenyewe umeandika Mjomba Chuma, mlango, skafu na mageti hadi zahanati. Gazeti hili linasomwa kwa vinyozi kuliko mahali pengine popote. Leo unaposoma haya ni Jumatano, kwa kinyozi wenu limeshafika. Funga karakana uende sasa hivi ukamwambie binti kabla hajasomewa na mtu mwingine. Akiinuka akaenda zake, usimfuate na maelezo.