Kiambatisho cha Tatu

Jumatatu, 2 Juni 2025

Leo nimeingia rasmi katika Facebook. Exaucée, binti yangu, alinifungulia akaunti kabla ya kwenda kazini. Mara tatu ofisi ya serikali imeikataa barua yetu wakazi pale mapokezi — mara muhuri, mara saini, mara "rudi Alhamisi". Nimeiandika upya kwa mpangilio unaostahili. Yahusu: maji meupe yanayotoka katika kiwanda cha kuoshea madini na kuingia katika kijito chetu. Juu, jina la mheshimiwa anayeandikiwa. Chini, nakala kwa taarifa: ofisi sita. Viambatisho vitatu nimevipiga picha — saini za wakazi, hali ya kijito, na ushahidi wa Numbi, mlinzi wa kiwanda hicho, aliyeona bomba likifunguliwa alfajiri. Numbi alikubali kwa sharti moja: usomwe na ofisi tu. Nilimwahidi.

Saa nne kamili nimebonyeza Chapisha. Imekwenda.

Jumanne, 3 Juni

Watu mia mbili na arobaini wameipenda. Sikujua kwamba ofisi zetu zina watumishi wengi kiasi hicho. Mmoja ameweka uso unaocheka — utovu wa adabu kazini.

Jioni Exaucée alisoma, kisha akakaa chini.

— Papa, ile kitu ulitumia nani?

Nikamwonyesha jina la mheshimiwa, pale juu.

— Ile ni jina tu, papa. Iko public. Lubumbashi muzima banasoma. Mpaka ba-chef ba Numbi kule ku kiwanda.

Nilimweleza kwamba barua humfikia yule ambaye jina lake limeandikwa. Nimefuta picha zote tatu katika simu yangu. Nimepata utulivu kidogo.

Jumatano, 4 Juni

Picha hazikufutika. Zilizofutika ni zangu, zao wanazo.

Kwa hiyo, Exaucée akiwa kazini, nimechapisha masahihisho: "Waheshimiwa wasomaji, naomba kwa unyenyekevu kiambatisho cha tatu kisisambazwe, kwa kuwa bwana Numbi, mlinzi wa lango la pili, hakukusudia kujulikana." Nimeyasoma mara nne. Hayana kosa hata moja.

Baada ya robo saa mtu asiye na picha ameandika chini yake: "Merci papa. Hatukuwa tunajua ni lango gani."

Nimebaki nimekaa. Chai imepoa.

Ijumaa, 6 Juni

Exaucée ameondoa kila kitu katika akaunti. Tumechelewa.

Mado, mke wa Numbi, amekuja asubuhi. Mumewe alikwenda kazini Jumatano, hajarudi. Kiwandani wanasema alimaliza zamu akatoka. Simu yake inaita bila kupokewa. Nilingoja anitukane. Hakunitukana.

— Papa Adalbert, weye njo unajua kuandika. Andika: ule muntu wa mu Facebook haiko bwana yangu.

Nikashika kalamu. Miaka ishirini nimewaandikia watu barua. Sikupata sentensi ya kwanza.

Jumamosi, 7 Juni

Kila nikifungua simu, ushahidi wa Numbi upo. Katika ukurasa wa wachekeshaji. Katika kundi la wauza samaki wa Kasenga, ambao sijui kijito chetu kinawahusu nini. Mtu amelizungushia jina lake duara jekundu. Ni mwandiko wangu — herufi nzuri, zinazosomeka kwa mbali. Nasikia simu ikitetema mfukoni, kumbe iko mezani, imezimwa.

Jumapili, 8 Juni

Tumetoka misa. Mado yuko hapa, hataki kukaa peke yake. Sasa hivi umeingia ujumbe kutoka namba ya Numbi:

"Papa, uko ku nyumba? Uko na nani?"

Mado amelia kwa furaha. Exaucée amesema tupige kwanza. Nimepiga. Imeita mara mbili, ikakatwa. Kisha:

"Siwezi kusema. Jibu tu."

— Mujibie, papa, amesema Mado. Iko anakuya ku nyumba.

— Usijibu kitu, amesema Exaucée. Simu si muntu.

Kama ni yeye, anatafuta mlango wa kuingilia, nami ndiye niliyemfungia milango yote. Kama si yeye, nikijibu, aliye na simu yake atajua kwamba mke wa Numbi ameketi sebuleni kwangu. Nimeandika "Ndugu Numbi, kwa heshima" — nimeishia hapo. Ujumbe wa tatu umeingia: alama ya kuuliza, peke yake.

Naandika haya kwa mkono wa kulia. Simu iko katika mkono wa kushoto. Mado ameishika upande wa pili, anavuta polepole. Sijaiachia.