Mutheu na skana iliyovalishwa nailoni

Kavinya, uko wapi?? Nimetoka kuongea na Mutheu sasa hivi, mbavu zinaniuma.

Wewe ile 1998 ulikuwa likizo, hukuona. Skana ya kaunta yake pale supamaketi ya Mowlem ilikataa kusoma hata sabuni. Foleni imefika mlangoni, meneja anamwambia mbele ya watu, "Umeharibu mashine, kesho usirudi!" Mutheu wa watu machozi yamemjaa.

Akaitwa fundi Abdirizak. Akabadilisha waya. Wapi! Akazima ile skrini, akaiwasha. Wapi! Akakimbia ofisini kwa ile kompyuta kubwa iliyobeba akili za kaunta zote. Wapi!

Ndipo akaigeuza skana, akaiangalia usoni.

Nailoni, Kavinya! Nailoni ya mkate, na maandishi yake, imefungwa na selotepu kama rimoti ya sebuleni. Eti Mutheu aliona vumbi la unga linaichafua.

Fundi akaichana polepole. Tiii! Ikasoma.

"Dada," akamwambia, "na miwani ukinunua utaifunga?"

Mutheu huyo, na kamasi puani: "Kitu kipya hutunzwa!"

Foleni nzima ilicheka, hadi meneja. Kazi ikapona hapo.

Sasa leo. Amenunua simu mpya, analalamika inakataa kidole chake. Nikamuuliza, "Mutheu, ile nailoni ya dukani umeibandua?"



Kavinya, akaniuliza, "Niibandue, ichafuke?"